Kati ya Dodoma na Bahari

Stesheni ya treni ya mwendokasi ya Kilosa ina jambo moja ambalo sidhani kama wahandisi wake walilikusudia. Ukipanda treni ya kwenda bara unashuka Dodoma, ilipo Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo sanduku lake la posta, 2320, sisi wa mwaka wa mwisho tunalikumbuka kuliko namba za simu za wajomba zetu. Ukipanda ya kwenda pwani unashuka Dar es Salaam, na kutoka pale ni suala la daladala tu kufika Coco Beach, kwenye mihogo ya kukaanga na upepo usiolipiwa. Usaili huku, bahari kule, Kilosa katikati. Tangu safari za hadi Dodoma zizinduliwe rasmi tarehe 1 Agosti 2024, mwanafunzi anayekaribia kumaliza chuo huku kwetu hana tena kisingizio cha umbali. Amebakiwa na kisingizio cha nauli, nacho kinatosha. Treni hiyo ilipoanza, daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma lilikuwa shilingi 31,000. Sisi tunapanda kipande tu cha njia hiyo, lakini hata kipande kina bei kwa mtu ambaye hela ya kujikimu imemwisha kabla muhula haujaisha.

Basi tunashuka mtoni Mkondoa.

Kiangazi kikikolea mto hupungua na kuacha mchanga mweupe pembeni, ule ambao asubuhi wenye malori huja kuupakia kwa makoleo na jioni huachiwa sisi. Mgeni asingeamini kwamba ni mto uleule uliofura Desemba 2009 na Januari 2010, ukafukuza watu kwenye nyumba zao, ukaing'oa reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe. Maji yake yanaingia Wami, na Wami unayamwaga baharini karibu na Saadani. Kwa hiyo mtu akitaka ubishi, na hapa mtoni ubishi haukosi, sisi nasi tuko ufukweni, ila kwa upande wa juu.

Mpita njia akitutazama kutoka barabarani anaona vijana wamekaa. Akisogea ataona kwamba kila mmoja ameinamia simu, na kwamba bando la mmoja linagawiwa kwa watatu. Hapa ndipo habari za kazi zinapopita kwanza. Mbao za matangazo chuoni zina karatasi zilizopauka, lakini mchangani mtu anainua kichwa na kusema "majina yametoka," na kimya kinachofuata hujawahi kukisikia hata kwenye mtihani. Majina maana yake orodha ya walioitwa kwenye usaili. Kila mtu anafungua, anateremka ukurasa kwa ukurasa, anatafuta herufi ya kwanza ya jina lake. Asiyejiona anarudi juu kuangalia kama kweli alikuwa anatazama kada yake.

Ugumu wa miezi hii ya mwisho ni kwamba unaanza kutafuta kabla ya kuruhusiwa kutafuta. Masharti ya usaili serikalini tunayajua kama sala: vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, kidato cha nne na kuendelea, hati za matokeo na barua za kumaliza chuo havitakubaliwa, majina yakitofautiana kati ya cheti na cheti, lete hati ya kiapo iliyosajiliwa ya kubadili jina, umri usizidi miaka arobaini na tano, na ule mstari unaokuja mwishoni, kwamba kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ana matokeo lakini hana cheti. Ana elimu ambayo bado haijawa karatasi. Anafungua akaunti kwenye mfumo wa ajira, anajaza namba ya NIDA, anajaza shule ya msingi, anapandisha picha yake ya pasipoti yenye shati la kuazima, halafu anafika penye sehemu ya cheti cha taaluma na kuiacha wazi. Pale ndipo wengi tulipo sasa, na pale wazi ndipo palipo na mto.

Nasema hivi kwa sababu watu wanadhani kupumzika ni kitu tunachokiiba kutoka kwenye muda wa kutafuta kazi. Mara nyingi hakuna cha kuiba. Tangazo halijatoka, au limetoka na hukidhi masharti, au umeomba na sasa unangoja. Kungoja hakuna saa za ofisi. Unaweza kungojea chumbani ukitazama dari, au ukangojea penye maji. Matokeo ni yaleyale.

Lakini aibu ipo, na inanishangaza jinsi inavyotufikia haraka. Jumapili moja mzee mmoja alipita na baiskeli yake, akateremka, tukamwamkia, akaitikia marahaba vizuri kabisa, kisha akatuuliza kwa upole, "Wanangu, leo hamna kazi?" Hakukuwa na ubaya katika swali lake. Hata hivyo niliona wenzangu wakianza kujipangusa mchanga kama waliokutwa na kosa. Mmoja alieleza kwamba tupo chuo. Mwingine alionyesha simu. Mzee alicheka, akapanda baiskeli yake, na mazungumzo yetu hayakurudi yalikokuwa.

Aibu hiyo ina historia yake. Mwaka 1983 nchi hii ilitunga Sheria ya Nguvu Kazi, na Dar es Salaam watu walisimamishwa barabarani waonyeshe kitambulisho cha kazi. Asiyekuwa nacho alihesabiwa mzururaji, akapakiwa kwenye gari kupelekwa mashambani. Waziri Mkuu wakati ule alikuwa Edward Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 pale Dakawa, katika mkoa wetu huu wa Morogoro, akitokea Dodoma. Wazee wengi wanamkumbuka kwa mapenzi, na wana sababu zao. Lakini nikiwasikiliza wakisimulia operesheni ile, wanataja jambo moja bila kukusudia: kwamba mtu aliyekaa barazani mchana alipaswa kueleza kwa nini. Sheria ile haisikiki tena. Swali lake bado linapita na baiskeli.

Na kabla ya hapo kulikuwa na kipande. Ukitoka Kilosa kwenda Kimamba na Rudewa unapita kwenye mashamba ya mkonge, mengine yamegeuka pori, mengine yamegawanywa. Enzi za Waingereza, manamba walioletwa kwa mkataba katika mashamba ya Tanganyika, wengine kutoka Kigoma, wengine kutoka Ruanda-Urundi, walipewa kipande, yaani kadi yenye siku thelathini. Siku uliyomaliza kazi uliyopimiwa iliwekewa alama. Siku uliyougua, uliyochoka au uliyokataa haikuwapo. Mshahara ulikuja kadi ikijaa. Sijui kama kuna chombo kingine kilichoweza kumfundisha mtu kwa ufasaha namna hiyo kwamba siku isiyo na alama si siku. Shambani kwao mapumziko yalikuwa ni nafasi tupu kwenye karatasi ya mwenye shamba.

Nikiwa nimekaa mchangani huwa najaribu kukumbuka mapumziko yangu yalivyokuwa tangu nianze shule. Ratiba, kengele, muhula, tathmini, mitihani ya kurudia kwa aliyepata sapu, mafunzo kwa vitendo yenye kitabu cha kujaza kila siku na msimamizi wa kukitia saini. Miezi ya sasa ndiyo ya kwanza ambayo hakuna anayeihesabu. Kazi ikipatikana, na naiomba ipatikane, itaanza kuhesabiwa tena hadi uzeeni. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaotuambia tutumie muda huu "vizuri," kwa maana ya kuujaza. Ninaujua muda uliojazwa. Huu mwingine ndio sijawahi kuuona.

Na ukitaka habari nyingine ya karatasi, Msowero haiko mbali na hapa. Iko wilaya hiihii. Kila mtoto wa shule Tanzania anaifahamu kwa sababu ya Chifu Mangungo, ambaye tarehe 29 Novemba 1884 alitia alama kwenye karatasi ya Mjerumani Carl Peters, aliyekuwa amevuka kutoka Zanzibar hadi Saadani na kupanda bara. Karatasi ilisema ametoa nchi yake yote, milele, kwa hiari. Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Peters, na mengine ni historia ya kidato cha pili. Tulifundishwa tumcheke Mangungo. Mpaka leo mbunge akitaka kumdhihaki waziri aliyesaini mkataba mbovu, jina la mzee huyo halikosekani.

Mimi nilikwisha kuacha kumcheka, na kilichoniachisha ni matangazo ya kazi. Soma orodha ya majukumu mpaka chini. Baada ya mambo saba au manane yenye maana, kuna moja linalorudi kwenye matangazo ya kada zote, la afisa kilimo na la dereva na la mtunza kumbukumbu: kufanya kazi nyingine yoyote atakayopangiwa na mkuu wake wa kazi. Kazi nyingine yoyote. Mangungo angalau alikuwa hajui lugha ya karatasi. Sisi tunaisoma, tunaielewa, na tunaweka alama ya vema kwenye kisanduku cha kukubali masharti kabla ya kufika mwisho, kwa sababu bando linakaribia kuisha na mfumo unasumbua. Silaumu. Nyuma yetu kuna wenye njaa ya kazi hiyohiyo wengi kuliko idadi yoyote tunayoweza kuiwazia. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliwaita maelfu ya vijana kusailiwa kwa nafasi 70, wakajaa Uwanja wa Taifa kana kwamba Simba na Yanga zinacheza. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596 na maombi yakazidi 135,000. Ukishaziona hesabu za namna hiyo, sharti gani utalikataa?

Mikumi ni habari nyingine, na imenisumbua zaidi.

Kutoka Kilosa kwenda Mikumi, kulikuwa na tawi la reli lililoendelea hadi Kidatu. Siku hizi wengi tunapita barabarani, kupitia kijiji cha Ulaya. Makondakta hawachoki na utani wake: "Ulaya wapo? Ulaya mshuke, hakuna viza." Mikumi yenyewe ni mji wa barabara kuu. Malori ya Tunduma yanalala hapo, mabasi ya Mbeya na Iringa yanasimama kwa dakika chache za chipsi mayai, na upande wa mashariki barabara inaikata hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa kama kilomita hamsini za kupunguza mwendo na kutazama dirishani. Abiria wa basi huona twiga bila kulipa kiingilio. Nafikiri ndiyo burudani ya bure iliyo bora kuliko zote nchini, na sijawahi kuiona kwenye kipeperushi chochote cha utalii.

Kwa kijana wa Kilosa, Mikumi ni mahali ambapo kazi na mapumziko vimegeuka kitu kimoja, ila kwa watu tofauti. Mtoto wa mama yangu mdogo alifanya mafunzo kwa vitendo kwenye hoteli moja ya watalii pale. Kazi yake ya asubuhi ilikuwa kutandaza taulo kwenye vitanda vya kuotea jua kando ya bwawa la kuogelea, kila taulo ikiwa imekunjwa ncha kwa namna aliyofundishwa. Saa nne wageni walirudi kutoka kutazama simba, wakalala juu ya taulo zile, wakafumba macho. Alikuwa akiniambia mambo haya bila uchungu wowote. Alipenda kazi na alitaka wamwajiri. Lakini alisema kitu ambacho nimekaa nacho. Alisema wageni wale walikuwa hawafanyi chochote, na hakuna aliyewauliza kwa nini. Walikuwa wanalala saa tano asubuhi siku ya Jumanne, na mbele ya kulala kwao watu wazima walikuwa wanatembea kwa kunyata.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya kitanda cha kuotea jua cha Mikumi na mchanga wa Mkondoa. Jua ni lilelile. Mgeni amelipa, kwa hiyo uvivu wake ni bidhaa, una wafanyakazi, una risiti. Sisi hatujalipa, kwa hiyo wetu ni tabia mbaya. Wakubwa wanaotuonya juu ya kukaa vijiweni, mwisho wa wiki wako ufukweni Kigamboni, na hawaoni mgongano, kwa sababu wanaamini mapumziko yao wameyafanyia kazi. Mapumziko kwao ni mshahara wa pili. Asiye na wa kwanza atapataje wa pili?

Nimewahi kusikia pia utetezi wa kirafiki, kwamba kijana akipumzika atafanya vizuri kwenye usaili, akili itachangamka, atajibu vizuri. Labda. Ila utetezi huo unaniudhi kuliko swali la mzee wa baiskeli, maana unanirudishia saa yangu ya mtoni ikiwa tayari ina mwajiri. Nikikaa mtoni kwa ajili ya usaili, nimeshaanza kazi, na bado silipwi.

Hata hivyo sitaki kuusifu mto kupita kiasi. Kuna waliomaliza mwaka juzi na mwaka wa nyuma yake ambao bado wanakuja pale, na kwao mchanga umekuwa kitu kingine. Hawafungui tena majina yakitoka. Wanabeti. Wanajua ratiba ya ligi ya Uingereza kuliko ratiba ya mvua, na wamesomea kilimo. Kuna nafasi finyu sana kati ya muda usiohesabiwa na muda ambao hakuna anayeutaka, na mtu haambiwi siku anapovuka. Nikiwatazama, naelewa kwa nini mama hupiga simu Jumapili jioni kuuliza "umeshaomba wapi wiki hii?" kabla hata ya kuuliza kama nimekula. Namjibu kwa kutaja taasisi. Nikiishiwa namtajia shamba: kwamba mimi na wenzangu tunafikiria kukodi ekari chache za mpunga. Hili la kujiajiri mama hulipenda, kama wanavyolipenda wote wenye ajira. Hakuna anayeuliza kodi ya ekari italipwa na nani, wala mbolea.

Kuna jambo ninaloliona kila tunapokaa pale na ambalo wenzangu hawalizungumzi. Wasichana wa darasa letu hawapo. Wanapita, na ndoo au na madaftari, wanatusalimia, wanaendelea. Si kwamba hawapendi maji. Msichana akikaa mtoni saa mbili mfululizo, jioni ile ile habari itakuwa imefika kwa mlezi wake, na itakuwa imeongezewa mtu wa pili. Wao wanatafuta kazi usiku, baada ya vyombo, simu ikiwa kwenye chaji na sauti imezimwa. Wanajaza fomu haraka kuliko sisi, na kwa makosa machache, nadhani kwa sababu hawana ubishi wa mtoni wa kuwapotezea muda. Muda usiohesabiwa ninaousifu hapa ni wa kiume, na nimeona heri niliseme mwenyewe kabla hawajaniambia wao.

Msichana mmoja, aliyetutangulia kwa mwaka mmoja na hivyo cheti anacho, aliitwa kwenye usaili wa taasisi fulani Dar es Salaam. Usaili ulikuwa wa maandishi, ukaisha kabla ya saa sita, na treni yake ya kurudi ilikuwa jioni. Akiwa na bahasha ya vyeti kwapani na viatu vya kisigino vilivyonunuliwa kwa ajili ya siku ile, alipanda daladala mpaka Coco Beach. Alikuwa hajawahi kuiona bahari. Alinunua mihogo yenye pilipili, akavua viatu, akaikalia bahasha ili isipeperushwe, akakaa mpaka jua lilipoanza kumchoma. Hakupiga picha hata moja, kwa sababu picha zina tarehe na saa. Kwa baba yake alisema foleni ya usaili ilikuwa ndefu, na baba akampa pole, akamwambia apumzike.